Hofu Ilikaa Ng'ambo, Maambukizi Yakakaa Chumba cha Chai: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Hospitali

Kisa hiki kilitokea katika hospitali ya vitanda takriban 300, wakati wa wimbi la kwanza la UVIKO-19, mwaka 2020. Jina la hospitali limeondolewa, na vyeo vya baadhi ya watu pamoja na idadi za wafanyakazi zimebadilishwa kidogo ili asitambulike mtu. Mfuatano wa mambo haukuguswa. Mimi nilikuwemo: nilikuwa muuguzi mwenye dhamana ya kinga na udhibiti wa maambukizi, na makosa mawili kati ya yatakayosimuliwa hapa ni yangu.

## Usuli

Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na tarehe 11 Machi likasema sasa ni janga la dunia nzima. Katikati hapo tulipata wiki chache za kujiandaa. Tulichagua jengo la pembeni, tukalizungushia utepe, tukalipa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, tukatangaza kwamba wagonjwa wote wa korona watalazwa humo.

Haikupita wiki wafanyakazi wakalibatiza jengo hilo Ng'ambo. "Leo nani yuko Ng'ambo?" "Fulani naye kavushwa." Ulikuwa mzaha wa watu wenye wasiwasi, nasi tulicheka. Hatukusikia kilichokuwa ndani yake. Ukishasema kuna ng'ambo, umesema pia kuna upande huu, na kwamba aliye upande huu hajavuka maji.

Menejimenti nayo iliukoleza mpaka huo bila kukusudia. Mafunzo ya kuvaa na kuvua mavazi kinga yalitolewa kwa timu ya Ng'ambo peke yake, kwa sababu vifaa vya kufanyia mazoezi vilikuwa haba. Wodi nyingine zilipelekewa waraka wa kurasa mbili. Barakoa za N95, gauni na ngao za uso zilienda Ng'ambo kwanza, jambo ambalo lilikuwa sahihi. Kisha ikaja posho ya mazingira hatarishi. Orodha ya watakaoipata ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, majina 24. Sijawahi kuona tangazo la afya likisomwa kwa makini vile. Mfanyakazi aliyeikosa alielewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba amepunjwa, na kwamba mwajiri amepima akaona yeye hayuko hatarini. La kwanza alilisema kwa sauti. La pili lilizama kimya kimya, na ndilo lililotugharimu.

## Ilivyotokea

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za hofu tupu. Tulipoomba watu wa kujitolea walijitokeza wachache, wengine wakateuliwa. Muuguzi mmoja mkongwe, aliyewahudumia wagonjwa wa kifua kikuu kwa miaka mingi bila kulalamika, aliandika barua akiomba asipelekwe. Simlaumu, ila barua ile imenikaa. Kifua kikuu huenea kwa hewa na huua zaidi ya watu milioni 1 duniani kila mwaka, na mama huyu aliishi nacho kama jirani aliyezoeleka. Korona ilikuwa mgeni.

Waliovuka walianza kuepukwa. Kwenye basi la wafanyakazi viti vya jirani yao vilibaki wazi. Mmoja aliniambia mumewe kamtengea sahani, kikombe na godoro. Nilipowauliza wanachokiogopa zaidi, hakuna aliyetaja kufa. Walitaja watoto, wazazi wazee, mke mjamzito. Walichohofia ni kuubeba ugonjwa mpaka nyumbani, na kwa sababu hiyo uangalifu wao ulikuwa mkali kuliko ambao ningeweza kuulazimisha kwa sheria. Pale pa kuvulia mavazi kinga tulisimamisha mtu wa kuangalia na kusoma hatua moja baada ya nyingine kwa sauti. Hakuna aliyeruka hatua. Mara nyingine waliomba warudie.

Upande huu wa maji mambo yalikwenda kivingine. Kijana wa mapokezi alivaa glovu jozi mbili, moja juu ya nyingine, tangu saa moja asubuhi. Kwa glovu hizo hizo alipokea kadi, akashika simu, akamsaidia mzee kukaa kwenye kiti cha magurudumu, akarudi kwenye kadi. Nilipomsema alinijibu kwa heshima kabisa: "Sista, mimi nimejikinga." Ni kweli, alikuwa amejikinga yeye.

Wiki ya nne tulianza kupumua. Timu ya Ng'ambo ilikuwa haijapata maambukizi hata moja. Habari hiyo ilienea, na kile kiwingu cha kuwaepuka kikaondoka. Wakaanza kukaribishwa tena chumba cha chai cha jengo kuu, kwa shangwe na mizaha. Tulijipongeza kwenye kikao cha asubuhi. Nakumbuka nilisema, "Mfumo unafanya kazi." Upande wa Ng'ambo ulikuwa unafanya kazi kweli.

Wiki ya tano muuguzi wa wodi ya wazazi alianza kukohoa. Alidhani ni uchovu wa zamu za usiku, akaendelea na kazi kwa siku tatu. Baadaye alieleza sababu bila kuficha: zamu yake haikuwa na mtu wa kuishika, na mwenzake mmoja wa mkataba alikuwa amekatwa malipo ya siku alizokaa nyumbani akisubiri majibu ya kipimo. Siku ya nne alipoteza uwezo wa kunusa. Kipimo kikatoka chanya.

Ndani ya siku kumi na mbili tulikuwa na wafanyakazi 11 wenye maambukizi. Watano wa wodi ya wazazi, wawili wa masjala, wawili wa usafi, mmoja wa maabara, na mmoja wa Ng'ambo.

## Fomu iliyotupoteza

Kazi ya kufuatilia maambukizi ilikuwa yangu, na hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Nilitumia fomu tuliyokuwa nayo. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Je, ulimhudumia mgonjwa aliyethibitishwa?" Wafanyakazi kumi wakajibu hapana. Yule wa Ng'ambo akajibu ndiyo. Nikaandika kwamba chanzo kinachowezekana ni Ng'ambo, kupitia kwake.

Tarehe zilinisuta. Dalili za mtu wa Ng'ambo zilianza siku sita baada ya za muuguzi wa wazazi. Mgonjwa wa UVIKO-19 anaweza kuambukiza tangu siku mbili hivi kabla ya dalili, lakini hata ukimpa siku hizo mbili, huwezi kumfanya awe mwanzo wa mnyororo ambao tayari ulikuwa na watu wanne. Alikuwa ameupokea ugonjwa kutoka upande "salama".

Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba kasoro iko kwenye fomu. Ilikuwa imeandikwa na mtu mwenye ramani ile ile ya Ng'ambo kichwani: ugonjwa unatoka kwa mgonjwa, unamwendea mhudumu. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mhudumu anaweza kuambukizwa na mhudumu. Nikaiweka kando, nikakaa na kila mmoja, nikauliza swali jingine kabisa: "Nihadithie siku yako tangu ulipofika kazini mpaka ulipoondoka. Kila mahali ulipovua barakoa, nitajie ni wapi na nani alikuwa karibu."

Majibu yalifanana mpaka nikadhani wamepanga. Chumba cha chai, na ofisi ndogo ya kukabidhiana zamu. Chumba cha chai kilikuwa na viti sita na dirisha moja, na mbele ya dirisha lilisimama kabati la vikombe. Watu walikaa magoti yakigusana, barakoa zikiwa zimeshushwa kidevuni, wakisimuliana hofu ya korona. Hao wawili wa masjala walikuwa wakija kunywa chai hapo kwa sababu birika lao lilikuwa limeharibika. Kati ya watu wa usafi, mmoja ndiye aliyekuwa akiosha vikombe na kukaa hapo akimalizia muda wa mapumziko. Mama huyu aliniambia neno ambalo nimelirudia kwenye kila mafunzo tangu siku hiyo: "Mimi wa kufagia tu, Sista. Hicho kirusi kitanikuta wapi?"

Sina uthibitisho wa maabara kwamba virusi vya watu hawa vilikuwa vya ukoo mmoja. Hatukuwa na uwezo wa kusoma vinasaba vya virusi hivyo. Nategemea tarehe za dalili na masimulizi. Vinatosha kwa kufanya uamuzi.

## Maamuzi, na kwa nini tuliyafanya

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu, na ni kosa la pili. Nilifunga chumba cha chai kwa kufuli. Nilifikiri kwamba chanzo kikiondolewa, tatizo limekwisha. Siku iliyofuata nilifungua stoo ya mashuka nikawakuta watu wanne ndani wamefunga mlango, wana chupa ya chai, wananong'ona. Stoo haikuwa na dirisha hata moja. Mtu aliyesimama kwa muda wa saa saba atakula tu, na ukimnyima mahali atajitafutia, na atachagua mahali ambapo wewe huoni.

Siku ya tatu tulifungua tena, lakini kwenye baraza la nyuma lenye hewa, viti vikiwa mbali mbali na mapumziko kwa zamu fupi. Kukabidhiana zamu tukakuhamishia ukumbini, madirisha wazi. Kabati la vikombe likahamishwa. Hakuna lililohitaji bajeti.

Lililohitaji vita ni suala la malipo ya wanaougua. Mganga mfawidhi alikuwa na hoja yake: bila kukata malipo, kila mwenye mafua ataomba siku 14. Nilimwekea hesabu ya wodi ya wazazi mezani. Mtu mmoja aliyefanya kazi siku tatu akikohoa alikuwa amesababisha zamu kadhaa kukosa watu kwa wiki mbili. Alikubali kwa wafanyakazi wa hospitali. Kwa watu wa usafi, walioajiriwa na wakala, alisema hana mamlaka. Tukamwandikia wakala barua. Jibu lilichelewa mno kuwasaidia wale wawili.

Tulijaribu pia kuweka watu wa kuangalia uvaaji wa barakoa kwenye wodi za kawaida, tukiiga tulichofanya Ng'ambo. Kilishindikana vibaya. Ng'ambo yule mtu alionekana mlinzi wa uhai wako. Wodini alionekana mpelelezi wa ofisi, na watu walipandisha barakoa walipomwona wakashusha alipopita. Baada ya siku tano tukawaondoa.

## Matokeo

Baada ya kuhamia barazani walipatikana wengine wawili ndani ya wiki ya kwanza, ambao kwa tarehe zao walikuwa wameshaambukizwa kabla. Kisha kukatulia kwa muda wa mwezi hivi. Kati ya wale 11 wa mwanzo, kumi walipata dalili nyepesi au za wastani. Mmoja wa watu wa usafi, yule wa vikombe, alilazwa Ng'ambo akahitaji oksijeni kwa siku tisa. Alipona. Muuguzi wa kwanza kuugua alihama hospitali baada ya miezi miwili, kwa sababu ya maneno ya wenzake. Hilo nalihesabu kuwa dhara la kazini kama lile la mapafu.

## Uchambuzi

Wataalamu wa namna watu wanavyohisi hatari, akiwemo Paul Slovic aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1987, walionyesha kwamba hofu hukua kwa mambo mawili hasa: jinsi kitu kinavyotisha, na jinsi kisivyofahamika. Idadi ya wanaokufa haina nguvu hiyo. Barua ya yule muuguzi mkongwe inaeleweka kwa kipimo hicho, na hata kutulia kwetu kwa wiki ya nne kunaeleweka: ugonjwa ulikuwa haujapungua, ulikuwa umezoeleka.

Lakini kisa chetu kinaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Hofu ilishikamana na mahali. Wafanyakazi hawakujiuliza "hewa ninayoivuta sasa imetoka kwa nani?" Walijiuliza "niko upande gani?" Utepe, mlango, mavazi na orodha ya posho vyote viliwajibu swali hilo la pili. Ndiyo maana palipokuwa na virusi vingi kuliko kote hospitalini hapakuwa na maambukizi, na palipokuwa na birika la chai yakapatikana.

Hili halikuanza na sisi. Wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na kirusi cha jamii ya korona, mwaka 2003, kati ya wagonjwa 8,096 walioripotiwa duniani, 1,706 walikuwa wahudumu wa afya. Huko Toronto, Kanada, tahadhari zililegezwa mwezi Mei baada ya mlipuko kudhaniwa umekwisha, kumbe ugonjwa ulikuwa unazunguka kimya kimya kwenye wodi ya mifupa, mahali ambapo hakuna aliyeutarajia, na wimbi la pili likaanzia huko. Rwanda ilipopata Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, mwaka 2024, wengi wa waliougua kati ya watu 66 walikuwa wahudumu wa afya, na mgonjwa wa ugonjwa kama huo mara nyingi huhudumiwa kwanza kwenye wodi ya kawaida kama mwenye malaria, kabla hajapewa jina wala utepe. Hatari kubwa kwa mhudumu huja kabla ya tangazo.

Kisha kuna suala la mwenzako. Kumwona mgonjwa kama chanzo cha hatari ni rahisi kwa sababu ni mgeni, amelala, na ana jina la ugonjwa kwenye faili. Mwenzako amekuazima kalamu asubuhi. Kupandisha barakoa anapokaa karibu yako ni kama kumtukana. Wauguzi watatu waliniambia kwa maneno yanayokaribiana kwamba walisikia mwenzao akikohoa na wakaona haya kusogea mbali naye. Waliijua hatari, na heshima ikawa na nguvu zaidi. Hapa mhadhara zaidi kuhusu virusi haungesaidia chochote. Kilichosaidia ni baraza: ofisi ilipoviweka viti mbali mbali, hakuna aliyelazimika kumkwepa mwenzake kwa makusudi.

Kijana wa mapokezi na glovu zake anafundisha jambo la jirani na hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataja nyakati tano za kusafisha mikono, na kwa kawaida watumishi huzingatia zaidi zile za baada ya kumgusa mgonjwa kuliko ile ya kabla ya kumgusa. Mtu hujisafisha anapohisi amechafuka. Kwamba yeye mwenyewe ndiye anaweza kuwa uchafu kwa mwingine, hilo mwili haumwambii. Glovu jozi mbili kwa siku nzima ni hisia hiyo hiyo iliyovalishwa mpira.

Nitaje pia jambo lililopita pembeni mwa macho yetu. Katikati ya wiki ya sita, muuguzi wa muda alijichoma sindano akiirudishia kifuniko chake. Hakuripoti kwa siku mbili. Alisema wakati huo kila mtu ana mambo makubwa. Hakuwa amechanjwa homa ya ini aina B. Kwa mtu asiyechanjwa, uwezekano wa kuambukizwa homa hiyo kwa sindano yenye damu ya mgonjwa unaweza kufika asilimia 30, ilhali kwa VVU ni karibu asilimia 0.3, na dawa za kujikinga na VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Bahati, alikuwa bado ndani ya muda. Hofu ina kiasi chake. Ikimiminwa yote kwenye kitu kimoja, vingine vinakaukiwa.

Kilichofanya kazi kwetu, ukiondoa baraza, ni swali lililobadilishwa. Tangu hapo fomu yetu ya ufuatiliaji huanza na "Ulivua barakoa wapi?" na swali la mgonjwa aliyethibitishwa limeshuka hadi la nne. Timu ya Ng'ambo pia ilifanya kazi nzuri sana, na ningeiga tena kila kitu chao: mazoezi ya kurudiarudia, mtu wa kusoma hatua, kioo cha kujitazama. Kilichoshindwa ni kuamini kwamba uangalifu wao ungevuka mlango wa kutokea pamoja nao. Mtu aliyekuwa mkali kwa muda wa saa nane ndani ya gauni alitoka akihisi amemaliza zamu ya hatari, akaenda kukaa kiti cha sita.

## Lililobaki bila kumalizika

Posho haikurekebishwa. Nilipendekeza kiasi kidogo kwa wote wanaoingia wodini, wakiwemo watu wa usafi, badala ya kiasi kikubwa kwa majina 24. Hoja ya menejimenti ilikuwa kwamba fedha ilitolewa kwa masharti ya kitengo kimoja. Sikuwa na jibu la hoja hiyo, na bado sina.

Mwaka uliofuata chanjo zilifika. Orodha ya watu wa kuchanjwa kwanza ilihitajika haraka, ndani ya siku moja, na karani akafanya alichoweza: alichukua orodha ya posho, akabadilisha kichwa cha habari, akaipeleka. Mama wa vikombe hakuwemo. Wodi ya wazazi nzima haikuwemo. Tuliwaongeza kwa kalamu, jina kwa jina, na ilituchukua wiki mbili.